Kumbe "W" si ya wachawi!

Mwenzenu nimeponea chupuchupu kuitwa mjukuu wa mchawi. Usicheke. Ngoja kwanza nikupe kisa chenyewe, halafu ndiyo ucheke.

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana kule Tanga, Ngamiani, akiwa na miaka 86. Alikuwa fundi wa magari kwenye mashamba ya mkonge tangu enzi za mkoloni. Alipostaafu akawa anatengeneza magari ya watu uani kwake, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Mimi nilimkuta mzee tayari, mtu wa kahawa, msikiti na redio. Ufundi wake niliusikia kwenye stori tu.

Siku ya arobaini, baada ya hitma na pilau, wakubwa wakakaa kugawana vitu. Chini ya kitanda cha babu likatolewa sanduku la mbao, lina kufuli, zito utadhani limejaa mawe. Ufunguo ukatafutwa, haukuonekana. Baba mdogo akachukua nyundo akalivunja kufuli.

Kufunguliwa tu, weee! Kila mtu akarudi nyuma hatua moja.

Nikutajie vilivyokuwemo, nawe uniambie ungefikiria nini. Kulikuwa na kijiti cha mbao cha futi moja hivi, kila ncha ina kikombe cheusi cha mpira. Kulikuwa na kopo lenye vifuniko viwili, kimoja juu, kingine chini, na ndani yake uji mzito wa kijivu unaokwaruza vidole kama mchanga. Bomba la kioo lenye puto la mpira kichwani, ndani yake kimelala kijibomba kingine cha kioo chenye mistari ya rangi. Vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, vingine vyembamba kama karatasi. Fimbo ndefu ya chuma yenye kirungu cha mti, kirungu chenyewe kimelainika kwa kushikwa. Chuma kinene kilichopindwa mfano wa herufi Z.

Halafu spana, za kumwaga, lakini si kama hizi unazoziona kwa mafundi wa mtaani. Hizi zilikuwa zimechongwa maandishi ya ajabu: "1/4 W", "5/16 BS".

Shangazi akashika kifua. "Hiyo W ni nini kama si Wachawi?"

Binamu yangu mmoja, mtu wa masihara, akadakia, "Na BS ni Baraza la Shetani!"

Tukacheka. Shangazi hakucheka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Shangazi yangu ni mama wa makamo, ana kibanda chake cha vitenge, hana mchezo. Ujana wake aliharibu mimba tatu, ya nne hakuipata, na ndoa ikafia hapo. Wakati ule jirani mmoja alimnong'oneza: "Mwanangu, usihangaike na mahospitali, angalia nyumbani kwenu." Maneno yale yalimwingia. Siku hiyo ya arobaini akatoa ushahidi ambao hakuwahi kuutoa mbele yetu.

Alisema alipokuwa mtoto wa miaka kama minane aliamka usiku kwenda uani. Akamkuta baba yake amesimama peke yake, gari linanguruma, ameiegemeza fimbo ile ya chuma kwenye injini, kirungu kiko sikioni. Macho amefumba. Midomo inacheza. Na alikuwa anarudia maneno yaleyale: moja, tatu, nne, mbili. Moja, tatu, nne, mbili.

"Fundi mzima anayejua hesabu," shangazi akasema, "anahesabu vipi hivyo kama hasomi vitu vyake?"

Kimya. Hata yule binamu wa masihara aliangalia chini. Bibi alikuwa amekaa mkekani pembeni, hajasema neno tangu asubuhi. Akasema taratibu, "Nimelala na mtu huyu miaka 60. Kama yeye mchawi, basi mimi ni nani?"

Jamani, niliona aibu hata kuwepo pale.

Wakubwa wakagawanyika. Baba mdogo akataka sanduku lipelekwe kwa wanunua skrepa likapimwe kilo, kwisha habari. Shangazi akataka lisomewe dua, likatupwe baharini kule Raskazone, tena mbali. Mimi nikajikuta nimeropoka, "Nipeni wiki mbili nikalionyeshe Dar."

Msomaji wangu, sitaki nijifanye shujaa. Nilikuwa na kodi ya chumba inaningoja Mabibo. Nilifikiri huenda yupo mpenda vitu vya kale akaninunulia, nikagawana na bibi, maisha yakaendelea. Uchawi wala sikuuwaza sana.

Basi bwana, konda wa basi akanitoza nauli ya sanduku kama vile ni mtu mzima amekaa siti. Jumatatu yake nikakodi bajaji mpaka Gerezani, nikaanzia kwa vijana. Si unajua mafundi wa siku hizi? Gari likiwa la kisasa fundi anachomeka kidude chake, anasoma kwenye simu, anakwambia ugonjwa. Nikamwonyesha mmoja kile kijiti chenye vikombe vya mpira.

"Sista, hii si ya kuzibulia sinki?"

Mwenzake akanusa kopo, akasema ni grisi imeoza. Wa tatu akachukua spana ya "1/4 W" akaijaribu. Kwenye nati ya 13 ikacheza, kwenye nati ya 14 ikakataa kuingia. "Feki hizi," akahukumu. "Spana gani haina saizi?" Akaniambia ataniachia elfu ishirini kwa lote, kwa ajili ya sanduku tu, ubao wake mzuri.

Nikaanza kuamini kwamba labda shangazi yuko sahihi. Yule kijana wa spana ndiye aliyeniokoa. Alinielekeza kichochoro cha pili, kwa mzee mmoja ambaye wao wanamtania kwamba anatibu magari ya makumbusho.

Nilimkuta amekaa kwenye ringi ya lori, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari liko wapi?"

"Sina gari. Nina sanduku."

Akalifungua. Hakugusa kitu. Akachukua kitambaa, akafuta mikono kwanza, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kushika mtoto mchanga. Akaangalia ndani kwa muda, halafu akaniuliza swali ambalo lilinisimamisha nywele.

"Mwenye hivi, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kizima?"

Babu yangu alikuwa na gumba lililopinda nje. Sote tulilijua lile gumba. Tukimuuliza alikuwa anasema, "Nilipigwa teke na Land Rover," nasi tunacheka tukidhani ni utani wa wazee. Nikajisemea moyoni, mama yangu, kumbe nimetoka kwa mchawi nimeingia kwa mganga!

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akainua lile chuma la Z. Kumbe ni hendeli ya kuwashia gari! Zamani betri ikilala ulikuwa unaichomeka mbele ya gari, unaizungusha kwa nguvu mpaka injini ikubali. Tatizo moto ukiwahi, injini inarusha hendeli kinyumenyume. Ukiwa umeizungushia gumba kama unavyoshika mchi, linavunjika. Mafundi walifundishwa kuweka gumba upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iponyoke mkononi. "Wengi tulijifunza baada ya kuvunjika," akasema, akanionyesha na la kwake. Limepinda vilevile.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mzee akanipa somo ambalo shuleni sikulipata mpaka namaliza kidato cha nne. Alisema ukikuta kifaa usichokijua, usianze kuuliza kinaitwaje. Tazama panapong'aa. Chuma kinashika kutu kila mahali isipokuwa pale mkono ulipokishika na pale chenyewe kilipokutana na kazi. Ukishajua mkono ulikaa wapi na kazi ilikaa wapi, umebakiwa na swali moja tu: katikati kulikuwa na shida gani?

Akaanza na kijiti. Mbao yake ilikuwa inang'aa katikati, pande zote, kwa sababu ilipekechwa kati ya viganja viwili. Kile ni kijiti cha kusagia valvu. Valvu ya injini lazima ikae kwenye kiti chake bila kuvujisha hata pumzi, la sivyo gari linakosa nguvu. Fundi anapaka ule uji wa kijivu kwenye ukingo wa valvu, anabandika kikombe cha mpira juu yake, kinanata. Halafu anapekecha kwa viganja kama mtu anayewasha moto porini. Ndiyo maana kopo lina vifuniko viwili. Upande mmoja pesti ya chembe kubwa ya kuanzia, upande wa pili laini ya kumalizia. Dawa kweli, lakini ya injini!

Bomba la kioo ni la kupimia tindikali ya betri. Unavuta tindikali kwa lile puto, kile kijibomba cha ndani kinaelea. Betri iliyojaa chaji tindikali yake ni nzito, kijibomba kinapanda juu, unasoma kama 1.280. Kikizama mpaka kwenye 1.150 au chini, betri imelala, kachukue hendeli.

Vile vyuma vyembamba vinaitwa fila. Kila kimoja kina unene wake maalumu, unakipitisha mahali pembamba ambapo jicho haliwezi kupima. Akanitolea mfano wa Land Rover ya petroli ya lita 2.25. Nafasi ya tapeti zake ni sehemu 10 kati ya 1,000 za inchi, yaani kama robo ya milimita. Ikizidi, zinapiga kelele. Ikipungua, valvu haifungi vizuri na inaungua.

"Na W?" nikauliza. Roho inanidunda.

"Whitworth," akasema, kama anataja jirani yake.

Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi. Joseph Whitworth alikuwa fundi Mwingereza. Kabla yake kila karakana ilikuwa inachonga bolti kwa kipimo chake yenyewe. Bolti ya huku haikai kwenye nati ya kule, vurugu tupu. Mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote, na meno ya bolti yachongwe kwa pembe ya nyuzi 55. Na maajabu ya spana zake ni haya: nambari iliyochongwa si upana wa kichwa cha nati, ni unene wa bolti yenyewe. Ndiyo maana spana imeandikwa robo inchi, ambayo ni milimita 6 na kidogo, lakini mdomo wake una milimita 13 na ushee! BS ni ndugu yake, bolti ya Kiingereza ya meno madogo. Bolti ya BS ya 5/16 ina kichwa sawa na ya W ya 1/4, kwa hiyo spana moja inabeba majina mawili. Hakuna cha Baraza la Shetani wala nini.

Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kipimo kipya cha pamoja, baadaye milimita zikatawala, na W ikaanza kufa taratibu. Lakini Land Rover za mwanzo, zilizotoka mwaka huohuo wa 1948, zilikuja na nati za ukoo huo wa Kiingereza. Mashambani ndizo zilizokuwepo. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na seti ndogo ya milimita, na mzee akasema hizo zitakuwa za Peugeot 404. Ni gari la Kifaransa lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na baada ya hapo kila mwenye pesa akalitaka. Mwenzangu, lile sanduku lilikuwa ni CV ya babu, sisi tu ndio hatukujua kusoma.

Ikabaki fimbo ya chuma. Mzee hakuisema. Aliiegemeza kwenye gari lililokuwa linanguruma pembeni, akanivuta, akaniambia niweke sikio kwenye kirungu. Jamani! Ghafla ile kelele ya jumla ikawa vitu mbalimbali. Nikasikia hiki kinagonga, kile kinasugua, kile kinapumua. Ni kama daktari na kipimo chake kifuani mwa mgonjwa.

Nikajikaza nikauliza lile swali lenyewe. "Mzee, kuna fundi anayehesabu moja, tatu, nne, mbili?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama kuna mtu anayekula kwa mdomo. "Kila fundi."

Injini ya silinda nne, akanieleza, haiwaki kwa mstari. Pistoni ya kwanza na ya nne zinapanda pamoja, ya pili na ya tatu zinapanda pamoja. Kwa hiyo moto hauwezi kupita moja, mbili, tatu, nne kwa nafasi sawasawa. Kwenye Land Rover ile, na kwenye Peugeot, mpangilio ni moja, tatu, nne, mbili. Fundi akisikiliza anahesabu, ili ugonjwa ukijitokeza ajue uko silinda ya ngapi.

"Na kwa nini usiku?"

"Mchana nyie watoto mnapiga kelele."

Nilitoka machozi pale Gerezani, katikati ya mafundi wananishangaa.

Kabla sijaondoka akaja jamaa mwenye Land Rover ya kizamani anayeikarabati. Alipoona zile spana za W akataja laki tatu, hapohapo, mkononi. Nisikudanganye, nilisita. Kodi yangu nilikuwa naiona inatembea. Lakini nikitokea Tanga mikono mitupu nikasema "nimeambiwa si uchawi", nani atanielewa? Nikamwambia si zangu. Kodi nikakopa.

Jumamosi ile nikarudi Ngamiani. Nikaeleza kimoja kimoja mbele ya wote. Baba mdogo akatikisa kichwa. Binamu akapekecha kile kijiti mpaka akakatazwa. Shangazi alikaa amekunja mikono. Ya valvu hayakumgusa, ya Whitworth ndiyo kabisa.

Jirani alikuwa na Toyota yake nje. Nikamwomba aiwashe. Nikamwita shangazi, nikaegemeza fimbo kwenye injini, nikamwomba aweke sikio. Alikataa. Bibi akamwambia, "Nenda, mwanangu." Akaenda.

Akaweka sikio kwenye kirungu. Nikamwambia hii nayo inawaka vilevile, moja, tatu, nne, mbili. Alikaa hivyo muda mrefu. Macho akafumba. Midomo ikaanza kucheza.

Alipoinuka alisema neno moja tu: "Alikuwa anasikiliza."

Halafu akaenda kukaa karibu na bibi. Baadaye sana, tukiwa jikoni wawili, ndipo aliponiambia kwamba tangu ndoa yake ivunjike hakuwahi kula chakula nyumbani kwa baba yake. Idd anakuja, anasalimia, anasema ameshiba. Babu alikuwa anamwekea sahani kila mara. Hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Hilo, msomaji wangu, hakuna spana inayolifungua. Nchi hii kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, kumbe ni moshi wa jikoni. Babu yangu alibahatika, yeye alinyimwa mwana tu.

Sanduku liko kwa bibi, haliuzwi. Nami nawaomba wenzangu wa mjini, kabla hujamwita mtu wa skrepa aje kubeba masanduku ya wazee, fanya hivi. Tazama panapong'aa. Soma kilichochongwa na ukipime kwa rula. Halafu mtafute mzee wa kazi ile, bado wapo, wamejificha vichochoroni. Na kama babu mwenyewe yu hai, basi acha simu dakika tano umuulize yeye.

Mimi nilipewa kitu kimoja: spana iliyopashwa moto ikapindwa kama mkia wa ng'e. Yule mzee wa Gerezani alisema hiyo haikununuliwa. Babu aliipinda mwenyewe ili ifike kwenye nati moja iliyojificha mahali pabaya, spana nyingine hazifiki.

"Nati ipi?" nilimuuliza.

"Hiyo ameondoka nayo."

Iko mezani hapa naandika. Mdomo wake unang'aa.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.